Ng'ombe wa Léonce na Barua Kumi na Moja

Jumatatu, 14 Aprili

Nimetoa meza nje. Mvua imenyesha kabla sijatandika hata kitambaa, nikairudisha chini ya paa. Baiskeli zilizopita: mbili. Waliosimama: hakuna. Mmoja aliinua mkono, nikadhani ananisalimu, kumbe alikuwa anajifuta maji usoni.

Naandika shajara mwaka huu kwa sababu daktari amesema inasaidia kumbukumbu. Basi nikumbuke tangu mwanzo. Mimi ni Mauricette Vuillemin, miaka sitini na nane, mpishi mstaafu wa shule ya msingi ya Vaugirel. Nyumba yangu ni ile ya mlinzi wa geti la reli, namba 27. Mama ndiye aliyekuwa akifunga geti treni inapokuja na kulifungua ikishapita, na mimi nilizaliwa chumba cha juu kati ya treni ya saa tatu na ya saa nne. Treni zilikoma nikiwa msichana. Kwa miaka mingi mbele ya mlango wangu palikuwa na miiba na nyoka. Kisha mkoa ukang'oa reli, ukamwaga lami nyembamba, ukasimika vigingi ili gari wala pikipiki isipite, na sasa kutoka milimani hadi mjini ni kilomita sitini za baiskeli peke yake. Hakuna honi, hakuna moshi. Tunaiita Njia tu.

Tangu Njia ifunguliwe naweka meza: kahawa, sharubati, na keki yangu ya asali. Atakaye hukaa. Sifanyi kwa ajili ya utajiri, kopo la vijisenti hata silihesabu. Nafanya kwa sababu tangu mume wangu afariki nyumba hii ina kimya kinachoniumiza masikio.

Jumatano, 16 Aprili

Jirani yangu Léonce ametoa ng'ombe. Amani imekwisha hadi Novemba.

Zizi lake liko upande huu wa Njia na malisho yako upande ule, na pa kuvukia ni mbele ya geti langu, tangu enzi za babu yake. Ng'ombe kumi na tisa wa maziwa, wekundu kwa weupe. Saa mbili na nusu asubuhi wanakwenda, saa kumi na nusu jioni wanarudi kukamuliwa. Ingekuwa kazi ya dakika tatu kama si Duchesse, yule wa mbele, ambaye akifika katikati ya lami husimama na kuwaza. Akiwaza yeye, wote nyuma yake wanawaza. Na ng'ombe anayewaza huacha kitu chini.

Léonce hugusa kofia kwa vidole viwili na kupita. Ni mzee wa miaka sabini na moja, hajaoa, na nadhani hajawahi kuzungumza na mtu zaidi ya anavyozungumza na hao ng'ombe. Mimi ndiye ninayefagia.

Ijumaa, 18 Aprili

Mvua.

Jumapili, 27 Aprili

Duchesse amekula maua yangu ya dirishani. Nimemwita Léonce aone. Ameangalia chungu kwa muda mrefu.

"Amekula kidogo tu," akasema.

Kilichobaki ni chungu.

Alhamisi, 8 Mei

Sikukuu, jua, na Njia imejaa. Wazee wa klabu wenye fulana za rangi moja, familia zenye vigari vya watoto nyuma ya baiskeli, vijana waliofungasha mahema kwenye keria. Wamepita asubuhi nzima, vuu, vuu, na mimi nimesimama na birika kama sanamu. Kisha ghafla, saa kumi na nusu, watu kumi na wanne mezani kwa mpigo. Keki mbili zimekwisha. Bwana mmoja mwenye mapaja kama magogo ameniambia hajakula kitu kitamu hivi tangu mama yake. Nimecheka mpaka nikaona aibu.

Na katikati ya furaha hiyo, nani alikuwa amesimama barabarani akinuka? Wageni wangu walilazimika kula huku wakitazama makalio ya ng'ombe.

Ijumaa, 9 Mei

Kama jana. Mchana kutwa hakuna, saa kumi na nusu watu tisa. Nadhani ndiyo saa ambayo mwili wa mwendesha baiskeli hudai sukari.

Ijumaa, 23 Mei

Binti mmoja ameteleza kwenye mavi ya ng'ombe na kuanguka kwenye nyasi. Hakuumia, amecheka, amekula vipande viwili. Lakini mimi nimekasirika kwa niaba yake. Nimemwambia Léonce kwamba siku moja mtu atavunjika shingo hapa.

"Wapunguze mwendo," akasema.

Jumatatu, 16 Juni

Mungu ananipenda. Mkoa unataka kumwaga lami mpya, na kabla ya kazi umefungua daftari la maoni ya wananchi katika ofisi ya kijiji. Litakuwa wazi hadi Jumatatu ya tarehe 25 Agosti, saa sita kamili mchana. Ametumwa mtu maalumu wa kulisimamia, Bwana Pernelet, mpima ardhi mstaafu, mwembamba, mwenye kalamu tatu mfukoni: ya bluu, nyeusi na nyekundu. Atakaa pale kila Jumatatu asubuhi. Nilipoingia alinitolea macho ya mtu aliyeokolewa kisiwani, maana hakuna mwingine aliyefika.

Nimeandika nusu ukurasa kuhusu ng'ombe, nikasaini.

Jumanne, 17 Juni

Ludivine, karani wa ofisi, amenivunja moyo. Anasema sauti moja haina uzito, hasa ya jirani, kwa sababu kila kijiji kina jirani. "Wangeandika wapita njia wenyewe, Bi Mauricette, hapo wakubwa wangeshtuka."

Wapita njia hawaandiki. Wapita njia wanapita.

Jumamosi, 21 Juni

Nimemwandikia mmoja. Si dhambi kubwa. Nimewasaidia tu kusema wanachofikiri. Naitunza nakala hapa:

"Mheshimiwa, sisi ni Bwana na Bibi Van der Hoek kutoka Uholanzi, nchi inayojua baiskeli. Tumezunguka nusu ya Ulaya bila kuona jambo kama hili. Mbele ya nyumba namba 27 matairi yetu yalizama katika samadi hadi kwenye spoku. Mke wangu, mwenye goti bovu, alilia. Kitu pekee kilichotufariji ni keki ya asali ya mama wa nyumba hiyo, laini kupita kiasi."

Leo jioni Waholanzi wa kweli wamesimama kunywa kahawa. Nimewaomba waitie barua yangu posta watakapofika kwao. Wamekubali kwa moyo mmoja. Itakuja na stempu ya malkia au mfalme, sijui wana nani siku hizi.

Jumatatu, 30 Juni

Barua imefika. Ludivine amesema Bwana Pernelet aliisoma mara mbili, akaibandika kwenye daftari kwa rula.

Alhamisi, 3 Julai

Mwalimu wa jiografia kutoka Lyon. Mkali, anatumia maneno "usafi wa umma". Nimemfanya ashindwe kumaliza ziara yake ya kupima mabonde. Mwishoni amekiri kwamba keki ilimrudishia imani kwa binadamu.

Jumatano, 9 Julai

Joto. Mama wa mapacha kutoka Ubelgiji, mwanajeshi mstaafu, mwanafunzi wa udaktari, na padre mmoja, Padre Hilaire, aliyekuwa akienda hija kwa baiskeli na kuteleza akiwa katikati ya sala. Usiku nikizima taa nawaona. Padre ana ndevu. Sijawahi kuwa na wageni wengi hivi. Barua zao nawakabidhi wapita njia wa kweli wanaorudi nchi hizo.

Jumatatu, 14 Julai

Sikukuu ya taifa, ofisi imefungwa. Nimeandika mbili.

Jumatatu, 21 Julai

Ushindi. Barua zimefika kumi na moja. Bwana Pernelet amemwita Léonce na kumwonyesha daftari. Léonce hakubisha hata kidogo. Amekubali ng'ombe wapite daraja la chini kwa majaribio, mzunguko wa kilomita mbili na nusu kwenda na mbili na nusu kurudi.

Nimefagia kwa mara ya mwisho, nikamwaga maji na sabuni. Lami inang'aa. Nimetandika kitambaa kipya na kuoka keki tatu.

Jumanne, 22 Julai

Njia safi. Hakuna aliyesimama. Pengine joto.

Jumatano, 23 Julai

Njia safi kama sahani. Hakuna aliyesimama.

Alhamisi, 24 Julai

Mmoja amesimama. Alikuwa anafunga kamba ya kiatu.

Jumamosi, 26 Julai

Nimehesabu baiskeli mia mbili na sita. Vuu, vuu. Nimeandika kibao KEKI kwa herufi kubwa. Hawawezi kukisoma kwa mwendo ule. Saa kumi nimesimama pembeni na sahani mkononi, nikamnyooshea bwana mmoja. Akadhani ni kituo cha mashindano, akakwapua kipande bila kupunguza mwendo, akapotelea kwenye kona akitafuna. Hata kikombe hakushika.

Jumapili, 27 Julai

Nimekula keki chakula cha mchana na cha jioni.

Alhamisi, 31 Julai

Hakuna. Hakuna. Hakuna.

Jumamosi, 2 Agosti

Leo nimeelewa, na ningependa nisingeelewa.

Wamekuja mume na mke kutoka mjini, wale waliokuwa mezani sikukuu ya Mei. Wamesimama, nikawakimbilia nusura nijikwae. Mwanamke akatazama huku na huku.

"Ng'ombe wako wapi leo?" akauliza.

Nikasema kwa fahari kwamba tumewaondoa.

"Mama wee. Sisi tumetoka mapema ili tufike hapa saa kumi na nusu. Wenzetu wote kwenye klabu wanajua: namba 27, ng'ombe wanakuzuia robo saa, basi unakaa unakula keki ukingoja wamalize. Watoto wamebeba hadi mkate wa kumpa yule wa mbele."

Watoto walikuwa wamebeba mkate kweli. Walianza kulia, nikawapa sharubati.

Nimerudi ukurasa kwa ukurasa katika shajara hii. Saa kumi na nusu, saa kumi na nusu, saa kumi na nusu. Sukari ya mwili! Hakuna aliyewahi kusimama kwa ajili yangu. Walisimama kwa sababu Duchesse alikuwa amesimama. Mimi, kwa mkono wangu mwenyewe na kwa stempu za nchi nne, nimefukuza wageni wangu.

Jumatatu, 4 Agosti

Nilikwenda ofisini nikitaka kuuliza kwa ujanja kama ng'ombe wanaweza kurudi. Bwana Pernelet alikuwa na kalamu nyekundu mkononi, dalili mbaya. Nimesikia mambo mawili.

La kwanza: malalamiko ya kimataifa namna hii hayajawahi kutokea mkoani, na wakubwa wanashauri Njia ihamishwe kabisa, ivuke mto kabla ya Vaugirel na ipitie Montcervy. Montcervy! Watu wasioweza hata kuchemsha yai.

La pili amenieleza Ludivine mlangoni, kwa sauti ya chini. Léonce ameapa kwamba Njia haitahama kwa ajili yake. Kama shida ni ng'ombe, atawauza wote kwenye mnada wa Septemba. Atakuja kuandika ahadi hiyo kwenye daftari siku ya mwisho. Na kwa vyovyote mzunguko wa daraja unawaua: maziwa yamepungua, na wawili wanachechemea.

Nilirudi nikisukuma baiskeli. Sikuweza kupanda.

Jumatatu, 11 Agosti

Joto kali. Nimekwenda ofisini kusema ukweli. Nilipofika nimeuliza tu ni saa ngapi, nikarudi.

Ijumaa, 15 Agosti

Nimejaribu kujiokoa kwa njia niliyoizoea. Barua ya kumi na mbili, kutoka kwa daktari wa Uswisi anayesema harufu ya samadi inafaa kwa mapafu. Nimeisoma kwa sauti jikoni. Hata mimi sikumwamini. Nimeichana.

Jumatatu, 18 Agosti

Nimemwona Léonce kwa mbali akiwa darajani na ng'ombe wake, amemshika mmoja mchechemeaji shingoni, anatembea naye polepole kwenye jua. Miaka yote nimemwita mkaidi. Mkaidi hauzi ng'ombe wa babu yake ili baiskeli za wageni zipite kijijini. Mimi nimekaa dirishani nikajionea haya mpaka kahawa ikapoa.

Jumatatu, 25 Agosti

Leo naandika yote.

Asubuhi nimeandika ungamo langu mara nne. La kwanza lilikuwa na visingizio vingi, la pili lilimlaumu Ludivine, la tatu lilikuwa na ushairi. La nne nimelikunja, nikatia keki kwenye mkoba wa baiskeli kwa sababu siwezi kwenda kwa watu mikono mitupu, nikafungua geti. Ilikuwa saa tano na dakika thelathini na tano. Ofisi iko kilomita tatu. Muda ulitosha.

Mbele yangu kulikuwa na makalio kumi na tisa.

Léonce siku za joto huwarudisha zizini kabla ya adhuhuri, na leo Duchesse alikuwa amefika njia panda ya daraja akakataa katakata. Alikuja njia yake ya zamani, wenziwe nyuma, akafika katikati ya lami akasimama kuwaza. Baiskeli sita zilikuwa zimeziba upande mmoja na nne upande mwingine. Mimi nilikuwa ndani ya geti langu kama treni inayongoja. Léonce akaja akipita kati ya ng'ombe, kofia mkononi.

"Samahani, Bi Mauricette. Leo amekataa daraja. Haitatokea tena." Kisha akaona mkoba. "Unakwenda wapi?"

"Ofisini. Wanafunga saa sita."

"Hata mimi nakuja, nikishawafungia hawa. Nina karatasi ya kusaini."

"Usisaini," nikasema.

Alinitazama. Nikaona nikingoja kupata maneno mazuri jua litazama, basi nikasema hivyohivyo tu.

"Wale Waholanzi ni mimi, Léonce. Na mwalimu wa jiografia ni mimi."

"Na mama wa mapacha?"

"Na mama wa mapacha."

"Na padre?"

"Na padre."

Alivaa kofia yake. "Najua," akasema. "Najua tangu Julai."

Nikashika usukani. Nikamuuliza amejuaje.

"Watu kumi na mmoja kutoka nchi nne. Wote wamechafuka matairi, na wote wamesifu keki yako. Yule padre ameipa baraka." Hakuwa anacheka, ila pembe za mdomo zilikuwa zinamsumbua. "Mgeni mmoja akisifu, sawa. Mwanajeshi mwenye kidonda, anasimama kueleza asali imetoka wapi?"

"Mbona hukusema?"

"Niliona una hasira. Halafu," akamtazama Duchesse badala ya kunitazama mimi, "unaandika vizuri. Nilikuwa naenda kila Jumatatu kusoma kama kuna mpya. Mimi jioni sina mtu wa kuniambia kitu."

Nilimwambia tu kwamba barua ni za uongo, hana haja ya kuuza.

"Barua za uongo," akasema, "lakini mavi ni ya kweli, Bi Mauricette."

Hapo Duchesse alimaliza mawazo yake na kuondoka. Ilikuwa saa sita kasoro dakika kumi. Léonce alinifungulia geti kwa mikono yake. "Nenda basi," akasema. "Na hiyo breki ya nyuma inalia, itie mafuta."

Nimeendesha kama mtu anayefukuzwa na nyuki. Nimempita kijana mwenye fulana ya mashindano, na yeye akaniangalia kama mzuka. Nilipoingia ofisini saa ya ukutani ilisema saa sita na dakika nne. Bwana Pernelet alikuwa anafunika kalamu ya bluu. Ile nyeusi na nyekundu zilikwisha lala mfukoni.

"Daftari limefungwa, mama."

Nikamwambia ni dakika nne tu. Akasema dakika nne ni dakika nne, na kwamba akiniruhusu mimi dakika nne itabidi amruhusu mwingine tano. Nikatazama chumbani. Hakukuwa na mwingine. Nikakaa kwenye kiti na kulia, mimi ambaye kwenye mazishi ya mume wangu nilibaki na macho makavu.

Ludivine ndiye aliyeniokoa. Alikohoa, akasema kwamba kwa mujibu wa sheria daftari halijafungwa mpaka msimamizi na meya watie sahihi pamoja kwenye mstari wa mwisho. Meya alikuwa ametoka kula saa sita kasoro dakika moja. Meya akila hasumbuliwi. Atarudi saa nane. Kwa hiyo daftari lilikuwa wazi, apende asipende mtu. Bwana Pernelet akasoma kifungu, akageuza ukurasa, akasoma tena, na nikaona kwa macho yangu jinsi mtu wa sheria anavyoshindwa na sheria na kufurahi. Kisha akakumbuka kwamba leo ni Jumatatu na mkahawa pekee wa Vaugirel haufunguliwi Jumatatu. Nikamkatia keki.

"Hii," akasema akiichunguza, "ndiyo ile inayojulikana hadi Uholanzi."

Naye alijua. Alijua tangu barua ya tatu. Lakini barua ni barua, alisema, na haikuwa kazi yake kuuliza wananchi kama wapo.

Ungamo moja halikutosha. Kila barua ilipaswa kufutwa peke yake, kwa maandishi, na sahihi. Nimeandika mara kumi na moja: Mimi, Mauricette Vuillemin, natamka kwamba Bwana na Bibi Van der Hoek hawapo. Mimi, Mauricette Vuillemin, natamka kwamba Padre Hilaire hayupo. Nilisikia uchungu kuwaaga mmoja mmoja, hasa padre. Mwishoni nikaandika kwa jina langu kwamba nataka Njia ibaki na ng'ombe wavuke mbele ya geti langu kama zamani, kwa sababu wasipovuka hakuna anayesimama, na asiposimama mtu naweza kumaliza siku nne bila kusikia sauti ya binadamu. Sikuandika kwa uzuri. Nimeandika kama ilivyo.

Saa nane kasoro dakika tano Léonce, ambaye Ludivine alimpigia simu kwamba daftari bado liko wazi, aliingia na shati safi na karatasi yake ya mnada. Alisoma kurasa zangu zote amesimama, kidole kikifuata mistari. Alipofika mwisho akakunja karatasi yake mara nne na kuitia mfukoni. Hakuandika kitu. Meya aliingia akinuka jibini, akasaini.

Jumanne, 26 Agosti

Nimelala hadi saa tatu. Ng'ombe walikwisha pita. Nimefagia.

Jumatano, 3 Septemba

Kwa miezi miwili hakuna aliyekwenda kusoma daftari ila Léonce, na sasa Ludivine anasema kuna foleni. Mwuza mkate anayepita na gari amefungua dirisha akaniuliza, "Leo wewe ni nani, Bi Mauricette? Mholanzi au padre?" Nimemwambia leo ni mimi, na anipe mkate usioungua.

Saa kumi na nusu: watu kumi na mmoja mezani. Duchesse amewaza dakika kumi na saba.

Jumamosi, 20 Septemba

Ukungu asubuhi. Wazee wanne wa klabu, pancha mbili, cheni moja iliyokatika. Léonce ameleta koleo bila kuombwa.

Jumatatu, 6 Oktoba

Taarifa ya Bwana Pernelet imetoka. Njia inabaki Vaugirel. Ng'ombe wana haki ya kupita kwanza, na mkoa utaweka kibao chenye saa za kuvuka pande zote mbili. Kuhusu mimi kuna mstari mmoja tu: maoni kumi na moja yameondolewa na wenye nayo. Ametumia wingi. Sijui kama ni adabu au ni dhihaka, lakini nimemwandalia keki nzima na kuipeleka posta.

Jumamosi, 25 Oktoba

Mvua. Baiskeli tatu. Ng'ombe wamevuka, hapakuwa na mtu wa kuzuiwa.

Jumapili, 9 Novemba

Jana Léonce amewafungia ng'ombe zizini hadi Aprili. Leo baridi, majani yaliyooza kwenye lami, hakuna hata baiskeli moja. Nilikwisha ingiza meza stoo na kukunja kitambaa, nikawa nafunga mbao za dirisha, nilipomwona anakuja peke yake kwenye Njia, kwa miguu, mikono nyuma, bila fimbo. Hajui kutembea bila ng'ombe. Kila hatua chache alikuwa anageuka kuangalia nyuma.

Nilidhani anapita. Akasimama getini.

"Kuna tatizo?" nikauliza.

"Hakuna."

"Basi unataka nini?"

Alifikiri, kwa muda ambao Duchesse angeuonea wivu.

"Meza iko wapi?" akasema.

Nikamwambia msimu umekwisha, iko stoo. Akaingia stoo mwenyewe, akaitoa ameibeba mgongoni, akaiweka pale pale inapokaa, akavuta kiti akaketi na koti lake, uso kwenye Njia iliyokuwa tupu pande zote mbili. Nilileta kahawa na kipande cha mwisho cha keki. Alitafuna polepole.

"Ni kavu kidogo," akasema.

Miaka mitano nimeweka meza, hakuna aliyewahi kuniambia. Nikamwambia ile ni ya Alhamisi, ya kesho itakuwa laini, kisha nikajisikia nimesema "kesho" na masikio yakaniwaka moto. Yeye alikuwa anafuta makombo kwa kidole.

"Kesho nitachelewa kidogo," akasema. "Kuna ndama anakuja."

Ameondoka giza likiingia. Meza nimeiacha nje.